Mama Anaoga

Fundi tuliyempa kazi ya kubomoa nyumba yetu ya zamani pale Chang'ombe ya Dodoma aliniletea komeo, amelifunga kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga. "Dada," akasema, "mlango wa mbele una makomeo mawili. La juu naelewa. Hili lilikuwa chini, usawa wa mkanda wangu. Kwani humu ndani mlifuga nini?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa umebaki nusu. Nikamwambia tulifuga mtoto. Akanitazama akidhani namtania. Nikalipokea komeo lenye kutu, nikalinusa, na hapo hapo nikawa na miaka minane, nimesimama gizani nyuma ya mlango, nje kuna mtu anapiga hodi.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa ghafla sabuni za rangi zote, redio za kaseti na biskuti zilizotoka nchi tusizoweza kuzitamka. Wakati huo huo kiwanda alichofanyia mama kazi kilifungwa, na wafanyakazi wakapewa mkono wa kwaheri. Baba alikwenda Mererani kutafuta mawe ya bluu, na mawe ya bluu hayakuwa na haraka ya kupatikana. Mama akashika mitumba. Alikuwa anazungukia minada, ile ya ng'ombe na mbuzi na nyama choma, ambako mfugaji akishauza beberu wake anataka suruali palepale kabla hajafika nyumbani. Alipanda malori alfajiri, akarudi magharibi na vumbi hadi kwenye kope. Mtaa ukaacha kumwita jina lake. Ukamwita Mama Mnada.

Siku za shule nilikuwa nakula na kushinda kwa jirani yetu, Bi Mwanaidi, mama wa vitumbua, ambaye babu zake walifika Dodoma na misafara ya biashara wakachoka kuendelea. Ilipokaribia likizo ya mwezi wa sita, Bi Mwanaidi akasema anashinda kwenye karai la vitumbua barazani kwake mpaka adhuhuri, mtoto wa kushinda naye hamuwezi. Atakayeweza ni wa kumtupia jicho tu. Habari ikafika Haneti kwa bibi yangu, mama yake mama, kwa kasi ambayo simu za leo hazijaifikia. Bibi akajibu kwa dereva wa lori: "Mlete mtoto. Na madaftari yake."

Hayo madaftari ndiyo yaliyonitisha. Haneti penyewe hapakuwa pabaya. Bibi alinipenda, alikuwa ananipokea kwa salamu ya Kigogo, "mbukwa" ya kuvuta kama wimbo, akanijaza karanga mifuko yote. Lakini kwenda na madaftari hakukuwa kwenda kutembea. Kulikuwa kuhama. Nilimsikia mama akimwambia Bi Mwanaidi barazani: "Nikimpeleka, mwisho wake atakuwa mtoto wa mama yangu, siyo wangu. Naye akishindwa kukaa peke yake, sina njia nyingine." Kisha akaniita, akaniketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza wazi. Tunajaribu mnada mmoja. Nikiweza, nabaki. Nikishindwa, Haneti.

Basi nikafundishwa. Nimesoma masomo mengi baadaye, hata kidato cha nne nimekimalizia kwenye madarasa ya jioni nikiwa na watoto wawili na mwalimu anayesinzia kuliko mimi, lakini shule ngumu kama ile ya siku saba sijaiona. Siku ya kwanza ilikuwa ya moto. Jiko la mkaa likatolewa nje, viberiti vikawekwa juu ya kabati. Mafuta ya taa, ambayo kila nyumba iliyaweka kwenye chupa ya soda, mama aliyahamishia kwenye dumu akaliinua darini. "Mtoto mwenye kiu hasomi chupa," akasema. Siku ya pili akaja seremala kupigilia komeo la chini, kwa sababu la juu nilikuwa silifikii hata nikipanda kigoda. Siku ya tatu nikaonyeshwa kidonda kinavyooshwa, na nikaambiwa likitokea la moto au la damu nitoke mbio kwa Bi Mwanaidi, nisiangalie nyuma.

Siku zote zilizobaki zilikuwa za hodi.

Mama alikuwa anatoka nje, nafunga komeo, naye anakuja kugonga kama mtu mwingine. Alikuwa na sauti kumi na mbili. Alikuja kama mjomba mwenye pipi. Alikuja kama bwana wa mita ya umeme, na umeme wenyewe hatukuwa nao. Alipofanya sauti ya mwanamume ng'ombe wa jirani waliinua vichwa. Mara ya tatu alikuja kama mwanamke anayehema: "Mtoto, fungua upesi! Mama yako kapata ajali, yuko hospitali, anakuita!"

Nikafungua. Nilifungua kabla hajamaliza neno anakuita. Nikamkuta mama mwenyewe amesimama hapo, mzima, na badala ya kunichapa akakaa kwenye kizingiti akashika tama. "Hivyo ndivyo wanavyowachukua watoto wa watu," akasema. "Tunaanza tena."

Tukaanza tena, mara hamsini kama si mia. Sheria zikawa mbili. Ya kwanza, sifungui kwa mtu yeyote, awe mjomba, mchungaji, shehe au balozi wa nyumba kumi. Ya pili, simwambii mtu kuwa niko peke yangu. Akija mtu nimsalimie vizuri, kwa sababu adabu haifungiwi na mlango, kisha niseme: mama anaoga. Mama alilipima jibu hilo kama anavyopima kitambaa. Mtu anayeoga yupo nyumbani, lakini hawezi kutoka, na hakuna muungwana atakayeng'ang'ania. Atasema basi nitarudi, aende zake. Mimi nililichukua kama dawa ya malaria. Sikufikiri lina maana gani, nilijua linatibu kila mtu.

Na mtaani nisiseme neno. Anayejua ni Bi Mwanaidi peke yake.

Siku ya mnada wa Chemba mama aliondoka saa kumi alfajiri. Alisimama nje mpaka aliposikia komeo la chini limelia. Aliniachia viazi vitamu vya kuchemsha, chupa ya uji na karanga kwenye kikombe. Nikarudi kitandani nikajifunika. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita mnaujua. Ule wa siku hiyo ungeweza kumwinua mbuzi Chang'ombe ukamtua Singida. Bati lilikuwa linapiga makofi, na mimi nilijiona mwanamke mwenye nyumba yake.

Saa moja, hodi.

"Nani?"

"Mimi Bi Mwanaidi."

"Shikamoo bibi. Mama anaoga."

"Anaoga wapi, mjukuu wangu? Si mimi niliyemwazima tochi alfajiri akapande lori?"

"Anaoga."

"Haya, Mungu amjalie atakate. Sasa sikiliza. Nimeletewa habari ya msiba, mkwe wetu kafariki Kolo. Basi linaondoka sasa hivi, narudi keshokutwa. Kwangu hakuna mtu. Umenielewa? Hakuna mtu."

"Nitamwambia akitoka bafuni."

Nilimsikia akienda huku anacheka na kusonya kwa pamoja. Nikajisifu. Nilipomaliza kiazi cha pili ndipo nilipofahamu kwamba nyumba ya kukimbilia, likitokea la moto au la damu, sasa iko njiani kwenda Kolo. Nikajiambia basi leo lisitokee.

Aliyefuata alikuwa Yona, muuza maji. Hapa lazima niwakumbushe jambo ambalo mama, pamoja na akili zake zote, alilisahau. Mabomba yalikuwa hayajatoa hata kikohozi kwa wiki nzima. Mtaa mzima ulikuwa unanawa uso kwa kikombe na kuyatunza maji hayo kwa ajili ya miguu. Maji yaliyokuwepo ni ya mkokoteni wa Yona, na Yona alijua kila nyumba ina dumu ngapi kama daktari anavyojua mapigo ya mgonjwa.

"Hodi! Madumu mawili ya Mama Mnada!"

"Shikamoo kaka. Mama anaoga."

Mkokoteni ukaacha kulia. "Anaoga na nini?"

Hilo sikuwa nimefundishwa. "Anaoga," nikasema.

"Na maji ya nani? Maji yake si haya ninayo mimi hapa?" Akasogea mlangoni. "We mtoto, kuna mtu mwingine anawaletea maji? Nani kanipiku? Mwambie aseme tu, mimi sigombani."

"Anaoga, kaka."

Akaondoka na madumu yake, nikasikia akimwambia mtu barabarani kwa uchungu wa mume aliyeachwa kwamba kwa Mama Mnada watu wanaoga. Saa nne akapita tena. Bado anaoga? Bado. Akapiga mluzi mrefu.

Baada ya hapo sikupumzika. Alikuja Mama Ester wa nyumba ya tatu, tena hakuja kwa hodi ya kawaida. Nilisikia ndoo ya bati ikiwekwa chini. "Mama Mnada! Kumbe bomba la kwenu limetoa maji na umenyamaza? Roho gani hiyo, shoga! Tugawie na sisi!" Nikamjibu. Akacheka kwa hasira. "Mwache aoge, nitamsubiri." Akakaa. Akaja mwingine na ndoo mbili, akaja mwingine na beseni kichwani. Kufikia saa sita foleni ya ndoo ilikuwa imefika Kondoa. Haya, natia chumvi, ilifika kona ya msikiti. Nilikuwa nachungulia kwenye ufa wa dirisha la mbao, jicho moja, na kila aliyegonga nikampa dawa ileile.

"Anajisugua na nini huyo, msasa?" mmoja akauliza.

"Anajiandaa. Mume anarudi kutoka Mererani na mawe ya bluu," mwingine akajibu, na wote wakaangua kicheko.

Nilianza kuona raha. Mtu mmoja tu aliuondoa mzaha ule, bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya dumu lake bila kusema. "Jamani," akasema. "Mtu haogi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Huyo kaanguka."

Kicheko kilikatika kama kamba. Mtu akaenda kumwita balozi wa nyumba kumi. Alikuja bado anafuta mlenda mdomoni, akagonga kwa ngumi.

"Mtoto! Mama yako yuko wapi?"

"Shikamoo. Anaoga."

"Umemwona kwa macho yako?"

Nikaondoa jicho kwenye ufa.

"Ukimwita anaitika?"

Masomo yangu hayakufika huko. Nje mtu alianza kulia: "Maskini Mama Mnada, na mume wake yuko mbali." Mwingine akadakia, "Na ule upepo wa jana alikuwa anakohoa." Wakawa wanataja uzuri wake, kwamba alikuwa mchapakazi, kwamba hakuwa na makuu. Wakasema "alikuwa." Hilo neno lilinipita mwilini kama maji ya baridi. Watu wazima wote wale, na balozi, na bibi mwenye mvi, wote wanasema mama yangu kaanguka bafuni, na mimi ndiye niliyesema tangu asubuhi kwamba yumo bafuni.

Nikaenda kuangalia.

Sicheki ninapoandika hapa. Nilifungua mlango wa nyuma, nikavuka ua polepole. Bafu letu lilikuwa la matofali bila paa, na gunia badala ya mlango. Nikaita, "Mama?" Nikalishika gunia. Nikaita tena. Ndani kulikuwa na jiwe la kusugulia miguu, ndoo iliyopinduliwa na mjusi. Sakafu ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Nilikaa juu ya ile ndoo nikalia kwa furaha, halafu nikalia kwa hofu, kwa sababu nilimsikia balozi anasema: "Ukuta wa ua una vipande vya chupa juu, hatuwezi kuruka. Leteni shoka."

Nikapiga hesabu zangu za darasa la pili. Mlango ukivunjwa, mama atakuta nyumba haina mlango, na nyumba isiyo na mlango haiachiwi mtoto. Haneti. Nikifungua, nimevunja sheria ya kwanza. Haneti. Nikisema kweli, nimevunja ya pili. Kila nilikogeuka nilimwona bibi ananisubiri na karanga. Shoka lilipogusa ubao mara ya kwanza, la kupimia tu, nilikimbia dirishani nikaweka mdomo kwenye ufa.

"Balozi, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Mama haogi."

"Kafa!" mtu akapiga yowe nyuma.

"Hajafa! Kaenda mnadani Chemba tangu alfajiri. Niko peke yangu. Na mlango sifungui."

Kisha Yona akaanza kucheka, akacheka mpaka akaushikilia mkokoteni wake. "Nilisema! Nilisema mimi, anaoga na nini!" Balozi hakucheka. Akaweka shoka chini. "Fungua basi, tukuone kama u mzima."

"Sifungui."

"Mimi ni balozi wako."

"Mama alisema hata balozi."

Hapo hata waliokuwa wanalia walikaa chini kwa kicheko. Lakini hawakuondoka. Mama Ester alisema, "Mtoto mdogo hivi, peke yake?" na nilijua hilo ndilo neno ambalo mama hakutaka lisemwe. Balozi akakaa kwenye kizingiti kwa nje, mimi nikakaa kwa ndani, ubao katikati. Wanawake wakakaa ukutani na ndoo zao tupu. Mmoja akaniuliza dirishani kama nimekula. Nikamwambia viazi. Akaniuliza vingapi.

Saa tisa na kitu likasimama lori la mbuzi. Mama alikuwa nyuma, kati ya mbuzi, furushi lake kichwani. Malori ya mnada hayarudi saa hizo. Kumbe basi la kwenda Kolo lilisimama Chemba, Bi Mwanaidi akateremka kumtafuta mama kwenye mitumba amweleze, huku anajishika mbavu: "Mwanao kanifukuza mlangoni, kaniambia unaoga!" Mama alicheka naye, akamaliza kucheka, ndipo akaelewa kwamba mimi sina jirani. Furushi hakulifungua. Alipanda gari la kwanza lililogeuza pua, na lilikuwa la mbuzi.

Sasa fikirini alichokiona. Umati mlangoni, wanawake wameketi chini, balozi kwenye kizingiti, shoka. Mama aliachia furushi likaanguka. Sauti aliyoitoa haikuwa katika zile kumi na mbili. "Nimemuua mwanangu!"

Wakamrukia wamshike. "Mzima! Mzima huyo! Kakataa kutufungulia!"

Nilivuta komeo la chini. Mama alinibeba, mtoto wa miaka minane, miguu yangu ikaburuzika, naye ananuka beberu kuliko beberu. Hakuniuliza kitu. Aliyeuliza ni balozi. "Mama Mnada, mtaa huu una watu wazima mpaka wa kugawa. Hukumwona hata mmoja wa kumwambia?"

Mama akainamisha kichwa. "Nilimwambia Bi Mwanaidi, akapata msiba. Ninyi niliwaonea haya, balozi. Mngesema namfungia mtoto kama kuku."

"Na tungesema kweli," akajibu Mama Ester. "Tungekusema wiki nzima. Halafu tungemchungulia."

"Au mpeleke kwa bibi yake," balozi akasema. "Kuna ubaya gani?"

"Sikufungua!" nikapiga kelele kifuani kwa mama. "Nilisema, lakini sikufungua!"

"Hakufungua," akasema Yona. "Hilo nashuhudia. Mimi na umri wangu, kwa zile ngumi za balozi, ningefungua."

Mama alinishusha chini akanitazama. Sijui alitazama muda gani. Mimi niliona kama mbuzi wamezaa na wajukuu wao wamekua. Kisha akanifuta vumbi usoni kwa upindo wa kanga. "Haneti utakwenda Krismasi," akasema. "Kumsalimia bibi. Madaftari utayaacha hapa."

Jioni ya kuamkia mnada uliofuata mama alipita nyumba kwa nyumba, akasema mwenyewe kwa mdomo wake kwamba kesho mtoto yuko peke yake. Alirudi kachoka kuliko siku ya kubeba robota zima la mitumba. Alfajiri akaondoka, nikafunga. Sijawahi kuwa na siku yenye watu kama ile. Mama Ester alipiga hodi kuniuliza kama nimeamka, akarudi kuniuliza kama nimelala. Yona aliacha madumu mlangoni akasema hayahitaji kujibiwa. Bi Mwanaidi alipitisha kitumbua kwenye ufa wa dirisha, kikaingia vipande vipande. Aliyewatangulia wote, hata jua halijakaa sawa, alikuwa balozi.

"Hodi."

"Shikamoo. Mama kaenda mnadani."

"Najua. Fungua nikupe salamu zako."

Nikalishika komeo, lilikuwa limefungwa. "Nipe hapo hapo, balozi."

Nikamsikia anacheka puani, na viatu vyake vikaondoka taratibu kuelekea nyumba ya pili.